Nyumba ya Nelis Isiyo na Mlango wa Mbele

Naapa kwa kaburi la mama yangu, na kwa meno yangu ya bandia ambayo sijamaliza kuyazoea, kwamba katika haya hakuna hata neno moja la uongo. Chumvi sijatia. Daktari alinikataza chumvi tangu nilipostaafu. Anayebisha aje mjini kwetu, aende mpaka nyumbani kwa Nelis Vermeiren, aupapase ukuta wa mbele kwa kiganja. Akijikuta ameutoa mkono haraka, asiniulize mimi kwa nini.

Mpaka wa Ubelgiji na Uholanzi haukupita kando ya mji wetu kama ipitavyo mipaka yenye adabu zake. Uliingia ndani, ukazunguka, ukarudi, ukakata bucha katikati na kupita chini ya vitanda vya watu. Ikabidi serikali zielewane: nyumba ni ya nchi ile ambako mlango wake wa mbele unafungukia. Mlango ukiwa Ubelgiji, wewe ni wa Ubelgiji, hata kama unapika, unaoga na kukoroma Uholanzi. Mlango wa uani hauhesabiki, wala dirisha.

Ukuta wa mbele wa Nelis ulikuwa nusu kwa nusu, na mlango wake ulikuwa kwenye nusu ya Ubelgiji. Alikuwa fundi baiskeli, na alipofunga karakana yake, wengine wakiwa wanafuga njiwa, yeye alifuga ulinganisho. Alilinganisha mkate wa pande zote mbili, pensheni, bima, shule, upana wa viti vya basi, adabu ya makarani.

"Barabara za Uholanzi," alikuwa akisema, "unaendesha baiskeli na yai kichwani. Za Ubelgiji, yai hilo utalila la kukorogwa."

"Basi tuhamie huko," mtu akimjibu.

"Tule nini? Mholanzi akikualika kwake anakupa kahawa na biskuti moja, halafu anafunga kopo mbele ya macho yako."

Mkewe, Godelieve, alikuwa akimsikiliza huku anafuma soksi. "Mimi nilizaliwa upande huu," alisema, "nikabatizwa upande ule, nikaolewa na mwanamume asiyejua yuko upande gani. Na bado nimenenepa."

Mchezo huo uliingia mdudu siku Godelieve alipoanguka jikoni. Alikuwa akimenya viazi. Nelis alisikia sufuria ikigonga sakafu, kisha kimya. Alimkuta amelala chali juu ya mstari wa vigae vyeupe alioupanga marehemu baba yake kuonyesha mpaka, kichwa cha mkewe kikiwa Uholanzi na miguu Ubelgiji. Kwa kuchanganyikiwa alipiga simu kote kuwili, na magari mawili ya wagonjwa yakaja. Wahudumu walikutana mlangoni wakasalimiana vizuri sana. Wakakitazama kibao cha namba ya nyumba chenye bendera ya Ubelgiji. Wale wa Uholanzi wakavua kofia, wakaondoka. Wale wa Ubelgiji wakambeba.

Hakuna aliyekosea. Hakuna aliyechelewa. Lakini ule muda mfupi wa kupeana nafasi mlangoni, huku mkewe amelala kwenye vigae na mdomo umegeuka rangi, haukumtoka Nelis kichwani tena. Aliuota. Aliuona ndani ya kikombe cha kahawa.

Godelieve alirudi kutoka hospitali akiwa mwepesi kama nguo iliyoanikwa. Daktari alimvuta Nelis pembeni. "Moyo wake umechoka, bwana Vermeiren. Akianguka tena, kila kitu kitategemea nani anamfikia, na nani anamtunza baadaye."

Daktari alimaanisha aweke simu karibu na kitanda. Nelis alisikia: chagua nchi.

Akaanza upya kulinganisha, safari hii bila mzaha. Alivuka barabara kwa Dymfna, mjane mwenye sauti ya sigara, ambaye mlango wake ni wa Uholanzi.

"Dymfna, huyo nesi wako anakuja mpaka nyumbani?"

"Kila asubuhi. Hata nikimwambia asije, anakuja. Ananiosha miguu, ananisema kwa ajili ya sigara, anaondoka."

"Na ukitaka kumwona daktari wa moyo?"

"Hapo utangoja mpaka moyo wenyewe usahau ulikuwa unaumwa nini. Unaanzia kwa daktari wa mtaa. Anakupa vidonge vya kichwa, anakwambia urudi ukizidiwa."

"Kwetu unapiga simu wiki hii, unamwona wiki hii."

"Basi kaa huko huko, jirani."

"Lakini kwetu nesi wa namna hiyo..."

"Nelis. Mkeo mwenyewe anataka wapi?"

"Sijamuuliza."

"Ndiyo maana nauliza mimi."

Nelis akaaga. Alikwenda kuangalia nyumba za wazee za pande zote mbili, akapima kwa jicho upana wa madirisha yake, akaonja supu. Aliwauliza watu waliopasuliwa moyo, akawauliza na wajane wa wale ambao upasuaji haukuwasaidia. Kila alipokaribia kuamua, mtu mmoja alimletea habari mpya na mizani ikalala upande mwingine. Akakonda. Akawa anaongea peke yake kwenye foleni ya mkate, na watu wakaanza kumwachia nafasi mbele na nyuma.

Mwishowe yule nesi wa asubuhi ndiye aliyeshinda. Nelis alitaka awepo mtu wa kuja kila siku, aambiwe asije, na aje. Akaamua mlango uhame, utoke Ubelgiji uende Uholanzi, mwendo wa mikono miwili mitatu kushoto kwenye ukuta ule ule.

Kuhamisha mlango si ajabu kwetu. Na utaratibu wake anaujua hata mtoto: unatoboa mlango mpya kwanza, unapachika fremu, unahamisha kibao, ndipo unaziba ule wa zamani. Kwa siku chache nyumba inakuwa na midomo miwili, na watu wa kodi wa pande zote wanajifanya hawaoni.

Tist mwashi alipokuja na matofali yake, Nelis akamwambia, "Ziba kwanza."

Tist akadhani hakusikia vizuri. "Tunaanza kutoboa, mzee."

"Ziba. Kesho utatoboa."

"Babu yangu alikuwa mwashi hapa, baba yangu mwashi. Hakuna aliyewahi kuziba kwanza."

"Nikiwa na milango miwili, Tist, na mke wangu akaanguka humo katikati, nani atambeba? Watasimama tena pale kizingitini wanapeana nafasi. Mmoja atavua kofia, na mwenziwe naye atavua kofia. Ziba."

"Na ukiziba, mkiwa katikati hapo, mtakuwa wapi?"

"Nyumbani kwetu."

Tist akajikuna shingo. "Nyumbani kwenu wapi?"

Lakini kazi ni kazi. Akaufungua mlango kwenye bawaba zake, akaung'oa, akaanza kupanga matofali. Nelis alisimama ndani akiangalia barabara ikipungua: kwanza zikapotea baiskeli, kisha watu mpaka kifuani, kisha paa la Dymfna, likabaki tundu la mbingu la ukubwa wa kitabu. Tist alipolitia tofali la mwisho, sauti za nje zilikatika kwa mara moja, kama masikio yaliyoingia maji. Tist akakifungua kile kibao cha namba kwa bisibisi, akakitia mfukoni ili akipeleke kubadilishwa.

"Kesho," alisema kule nje, na sauti yake ilitoka mbali sana.

Kesho haikuja na Tist. Ulikuja ukungu. Ukungu wa Novemba tunaujua, lakini huo ulikaa chini kama mtu aliyekuja na virago vyake, na baridi ikaja nyuma yake ikaigandisha ndoo ya mchanga pale pale barazani. Saruji haishiki kwenye baridi ya namna ile. Tist akatuma salamu kwamba subirini ipungue.

Siku za kwanza Godelieve alicheka. Walikuwa wakitoka na kuingia kwa mlango wa uani, kama wezi.

"Sasa tuna nchi yetu wenyewe," alisema. "Mimi malkia. Wewe utakuwa waziri wa viazi."

"Kaa kitini, mke wangu."

"Malkia haambiwi kaa."

Kisha mtu wa posta wa Ubelgiji akapita bila kusimama. Nelis akasema atakuja yule wa Uholanzi. Naye akapita. Gari la taka la upande huu lilibeba pipa la jirani wa kulia, gari la upande ule likabeba la jirani wa kushoto, na pipa la Nelis likabaki katikati, limejaa, mfuniko umefunguka kama mtu anayetaka kusema kitu. Mwenye mkate alimhudumia mtu aliyekuwa mbele ya Nelis, akamhudumia mtu wa nyuma yake. Nelis alikohoa. Yule mama aliinua macho, akayapitisha juu ya kofia yake, akamwuliza mwingine habari za magoti.

Njiani alikutana na Dymfna anavuta kikapu chake cha magurudumu.

"Habari za asubuhi, Dymfna."

Alisimama, akageuza kichwa kama anayemtafuta mbu. "Aa. Nelis," alisema polepole. "Nilidhani mlihama."

"Tuhamie wapi? Si unaiona nyumba?"

Dymfna akaangalia upande wa nyumba. Aliangalia kwa muda. "Ukungu huu," alisema, akaenda zake.

Nelis alirudi nyumbani kwa haraka akalifunga komeo lile la uani. Alimkuta Godelieve amehamisha kiti chake. Alikuwa amekaa ukumbini, soksi mapajani, ameutazama ule ukuta mpya.

"Unafanya nini hapa kwenye baridi?"

"Kuna mtu anagonga."

"Wapi?"

"Mlangoni," alisema Godelieve, akionyesha matofali.

Nelis akatega sikio. Kengele za makanisa yetu mawili, ambazo huwa zinashindana nani awahi, hazikusikika. Hata saa ya ukutani ilikuwa imepunguza sauti. Kisha akasikia. Ngo. Ngo. Ngo. Taratibu, bila hasira, kama mgeni aliyeambiwa wenyeji wapo.

"Nani?" akauliza.

Ngo. Ngo.

"Mfungulie," alisema Godelieve. "Amesimama nje kwenye baridi."

"Hakuna mlango, Lieve."

"Ndiyo maana anagonga ukuta."

Alisema hivyo kwa upole, na Nelis akamtazama usoni, akaona midomo yake imerudia ile rangi ya siku ya viazi. Mkono wake ulikuwa kifuani, umeshika sweta. Soksi ikateleza ikaanguka, naye hakuiokota.

Nelis akaikimbilia simu. Haikulia wala haikukoroma. Ilikuwa na ule mvumo wa kombe la bahari. Akatoka uani, akazunguka, akavuka barabara, akapiga dirisha la Dymfna kwa viganja vyote viwili. Pazia likasogezwa. Dymfna akamtazama jinsi mtu anavyotazama mvua ili ajue kama avae koti, kisha akalirudisha pazia. Kule barabarani hapakuwa na mtu. Nelis aliitazama nyumba yake kutoka pale, na kwa mara ya kwanza akaona walichokuwa wakiona wengine: ukuta usio na namba, usio na mdomo, kitu kilichojengwa kuziba pengo kati ya nyumba mbili.

Akarudi ndani mbio, akachukua nyundo kubwa na patasi. Sasa ilibidi atoboe mwenyewe. Ile sauti ilikuwa inagonga bado, pale pale palipokuwa na mlango wa zamani, upande wa Ubelgiji. Nelis hakuwa mjinga. Alijua kuna mgeni mmoja ambaye hufika nyumba zote, na kama huyo ndiye aliyekuja, basi alikuja na anwani ya zamani. Akaenda kushoto, upande wa Uholanzi, akaupiga ukuta. Plasta ikamwagika. Akapiga tena.

Kugonga kukasita. Kisha ngo, ngo, ngo, mbele yake, pale pale alipopiga.

Akarudi kulia kwa kunyata, akapiga upande wa Ubelgiji pigo moja dogo. Ngo, ngo, ngo, chini ya nyundo yake. Akaruka tena kushoto. Nayo ikamfuata, ikateleza kwa nje ya ukuta kama paka anayefuata kidole.

Miaka yote ile ya kulinganisha mikate na barabara na pensheni, Nelis hakuwahi kupata kitu kilicho sawa sawia pande zote mbili. Sasa alikuwa amekipata, na tofali moja tu lilikuwa kati yao.

Alipiga magoti kando ya kiti cha mkewe. "Lieve," akasema, na lilikuwa swali ambalo hakuwahi kumuuliza. "Unataka upande gani?"

Godelieve alifumbua macho. Ilimchukua muda kupata pumzi ya kutosha. "Upande unaopata jua asubuhi," alisema. "Na ufanye haraka, mume wangu, miguu imeganda."

Jua la asubuhi lilikuwa linapiga upande wa Uholanzi. Lilikuwa linapiga hapo tangu nyumba ijengwe, na hakuwahi kulitia kwenye mizani. Nelis akainuka. Kugonga kulikuwa kunamngoja. Akaishika nyundo kwa mikono miwili, akapiga kwa nguvu zote za mtu aliyekwisha kuamua, tofali likapasuka, la pili likatumbukia nje, ukungu ukaingia ndani kwa pumzi moja ndefu. Na kule nje, usawa wa uso wake, karibu kiasi cha kuweza kumnusa, palikuwa na uso...

Hapo ndipo nilipokuwa nimefika nilipoisimulia habari hii mkahawani, Jumamosi iliyopita. Hakuna aliyekuwa anakunywa. Bia zilikuwa zimelala povu. Nilikuwa nimenyamaza makusudi, ili kile kimya kifanye kazi yake, na nikasikia nyuma ya shingo yangu:

"Endelea. Uso wa nani?"

Godelieve alikuwa amesimama hapo na koti lake la kijani, mashavu mekundu kwa baridi ya nje, kikapu mkononi. Nelis alikuwa nyuma yake.

Nikasema karibuni.

"Si umesema nakufa? Basi nimalizie, nataka kujua kama nilizikwa vizuri." Akavuta kiti. "Uso ulikuwa wa Tist. Alikuwa anagonga kutaka kuuliza fremu aiweke wapi, na huyu mzee wangu nusura amvunje pua."

Watu wakacheka. Nikacheka na mimi, nikasema hadithi lazima iwe na miguu.

"Mimi siku hiyo nilikuwa kwa binti yangu," Dymfna akadakia kutoka pembeni, sigara isiyowashwa mdomoni. "Sikumfungia mtu pazia."

"Chumvi kidogo tu, Dymfna."

"Bado sijamaliza," alisema Godelieve, na sasa hakuwa anacheka. "Tist aligonga mara moja, upande wa zamani, akaenda kwenye gari kuchukua patasi, akarudi tofali likipasuka. Amenieleza mwenyewe jana. Aliyebaki pale ameishikilia ile fremu alikuwa mzee mmoja mstaafu asiye na kazi. Aliposikia nyundo ya Nelis inahama, naye akahama. Kulia, kushoto, kulia. Anagonga kwa kidole cha pete, anajizuia kucheka."

Kila mtu alikitazama kidole changu cha pete.

Nilitaka kusema kwamba ulikuwa utani, kwamba sikujua Godelieve yuko nyuma ya ukuta na mkono kifuani. Lakini Nelis alikuwa ananitazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa ananitazama kwa ule utulivu wake wa kulinganisha, kama mtu anayepima vitu viwili na kuviona vina uzito mmoja, nami nikahisi ubaridi ukinipanda mgongoni ambao sikuutunga.

"Aliumwa kweli?" nikamuuliza.

"Jioni ile ile," alisema. "Gari lilikuja moja. Hawakusimama mlangoni."

Mwenye mkahawa akaweka kitambaa begani, akanijia na kusimama hapo.

"Kome," alisema Godelieve. "Sufuria kwa kila meza, na chipsi, huyu atalipa. Ya Nelis iwe kubwa. Na Dymfna apewe jenever, ile pombe kali yake."

"Kwetu Uholanzi," alisema Nelis, "kila mtu hulipa chake."

"Leo tunakula Kibelgiji," mkewe akamjibu.

Nikaingiza mkono kotini nikatoa pochi, nikalipa meza baada ya meza, na waliposhiba, wakaagiza tena.